Tengeneza ovadraivu ya gitaa mwenyewe, na uitibu inapogoma

Ovadraivu ni pedali ndogo inayochukua sauti safi ya gitaa la umeme, ikaikuza kupita kiasi, kisha ikavikata vilele vya mawimbi yake. Kule kukatwa ndiko tunakokusikia kama mkwaruzo: noti inanenepa na kukaa muda mrefu zaidi kabla ya kufifia. Vifaa vyake vyote vinaenea kiganjani, na karibu vyote ni vile ambavyo fundi wa redio anavishika kila siku.

Kuviunga si kazi ngumu. Kazi ni pale unapomaliza, ukachomeka gitaa, pakawa kimya. Wengi hapo huanza kung'oa kifaa kimoja baada ya kingine kwa kubahatisha, mpaka ubao unabanduka shaba. Kwa hiyo nimeupanga mwongozo huu kwa kufuata njia ya sauti: inaingia wapi, inapita wapi, inatokea wapi. Ukiijua njia hiyo, hitilafu inakuwa mahali fulani kwenye njia, na mahali panatafutika.

Sauti inapita wapi

Chukua karatasi uchore huku ukisoma. Usiruke sehemu hii, maana ndiyo utakayoirudia siku pedali ikigoma.

Sauti inaingia kwenye soketi, inavuka kapasita ya nanofaradi 22 na kufika mguu wa 3 wa IC, kile kipande cheusi chenye miguu 8. Kapasita inazuia umeme wa betri usirudi kwenye gitaa, lakini sauti inapita. IC tunayotumia ni 4558 au TL072, na ndani yake mna vikuzaji viwili. Cha kwanza kinatumia miguu ya 1, 2 na 3. Sauti iliyokuzwa inatoka mguu wa 1, na sehemu yake inarudishwa mguu wa 2 kupitia rezista, kifaa kinachobana umeme. Uwiano wa rezista ndio unaoamua ukuzaji. Kwenye njia ya kurudishia tunaweka 47k ikifuatana na potenshiometa ya 500k, yaani rezista inayobadilika ukizungusha kitufe. Kutoka mguu wa 2 kwenda graundi, yaani upande hasi wa betri, tunaweka 4.7k ikifuatana na kapasita ya nanofaradi 47. Kwa vipimo hivi sauti inakuzwa kuanzia mara 11 hadi karibu mara 117, kulingana na unavyozungusha kitufe. (Herufi k ni maelfu ya omu, M ni mamilioni.)

Sambamba na njia ya kurudishia, yaani kati ya mguu wa 1 na wa 2, zinakaa dayodi mbili za 1N4148, moja ikielekea huku na nyingine kule. Dayodi hupitisha umeme upande mmoja tu. Sauti ikiwa ndogo, dayodi zimefungwa. Ikifika kama volti 0.6, zinafunguka na kushusha ukuzaji papo hapo. Hazikati sauti kwa kuitupa graundi, ila zinapunguza kukuzwa kwake tu, na sauti asilia ya gitaa inaendelea kupita juu ya ile iliyokatwa. Hapo ndipo ulaini wa ovadraivu unapotoka. Ukipiga polepole inasafika, ukikaza mkono inakwaruza. Mpango huu wa dayodi ndio uliomo ndani ya Ibanez Tube Screamer, pedali iliyotoka Japani mwishoni mwa miaka ya 1970.

Kapasita mbili ndogo zinastahili kuheshimiwa. Ile ya nanofaradi 47 inafanya noti zilizo chini ya kama hezi 720 zikuzwe kidogo kuliko za juu. Bila hiyo nyuzi nene zinajaza matope na kodi, yaani noti zinazopigwa pamoja, hazisikiki vizuri. Nyingine ni ya pikofaradi 47, sambamba na dayodi, inayopunguza ukali wa juu kabisa na kuzuia mluzi.

Kutoka mguu wa 1 sauti inapita rezista ya 1k, kisha potenshiometa ya 10k ambayo ndiyo toni, inafika kwenye nukta yenye kapasita ya nanofaradi 10 kwenda graundi, na hapo hapo inaingia mguu wa 5. Kikuzaji cha pili hakikuzi chochote: mguu wa 6 na wa 7 vimeunganishwa. Kazi yake ni kuipa sauti nguvu ya kusukuma kebo ndefu na kuingia popote bila kudhoofika. Kutoka mguu wa 7 sauti inapita kapasita ya mikrofaradi 1, inafika potenshiometa ya volyumu ya 10k, inatoka nje.

Nasisitiza kikuzaji hiki cha pili kwa sababu ya jinsi tunavyopiga. Makanisani na kwenye bendi nyingi gitaa la solo linaingia moja kwa moja kwenye miksa, halina amplifaya yake. Spika ya amplifaya ya gitaa huanza kupoteza sauti za juu kwenye kama kilohezi 5, na upungufu huo ndio unaoufanya mkwaruzo upendeze. Spika za ukumbi hazina upungufu huo. Zinatoa kila kitu, na ovadraivu inasikika kama nyuki. Ukijua utapigia kwenye miksa, weka 3.3k badala ya ile 1k kabla ya toni. Hata ukifungua toni yote, sauti itaanza kushuka kwenye kama kilohezi 4.8 badala ya 16. Rezista moja tu, na tofauti utaisikia kwenye noti ya kwanza.

Vifaa

- IC 4558 au TL072, pamoja na soketi yake ya miguu 8
- dayodi 1N4148 mbili, na 1N4001 moja
- rezista: 2.2M, 470k, 47k, 4.7k mbili, 1k (au 3.3k), 10k mbili
- kapasita ndogo (n ni nanofaradi, p ni pikofaradi, µ ni mikrofaradi): 22n, 47n, 10n, 47p, na 100n ya kutengenezea kichunguzi cha Hatua ya 3
- kapasita za elektroliti: 100µ, 47µ na 1µ, zote za volti 16 au zaidi
- potenshiometa: B500K, B10K, na A10K (A na B ni aina za mwendo wa kitufe; ukikosa A, B itafaa)
- soketi mbili za gitaa, moja iwe ya stirio
- swichi ya kukanyaga ya miguu 9, taa ya LED, kiungio cha betri ya volti 9
- ubao wa Veroboard (wenye matundu na mistari ya shaba), nyaya laini, boksi la chuma

Kariakoo jijini Dar es Salaam na Luthuli Avenue jijini Nairobi utapata karibu vyote. Swichi ya miguu 9 ndiyo inayosumbua, wakati mwingine mpaka uagize. Kama una sabufa bovu nyumbani, fungua ubao wake wa toni na volyumu kabla hujanunua IC. Mara nyingi sana utakuta 4558 imekaa pale, na ni hii hii tunayoitaka. Kuna nyingine iitwayo LM358 yenye mpangilio uleule wa miguu. Itafanya kazi, lakini inaongeza mkwaruzo mbaya kwenye noti ndogo zinazofifia, kwa hiyo iwe ya majaribio tu.

Pima kila rezista kwa mita kabla ya kuilehemu. 4.7k, 47k na 470k zote zinaanza kwa njano na zambarau, na zile za gamba la buluu zenye mistari mitano zinachanganya hata macho mazuri. Kwenye kapasita, namba 473 ni nanofaradi 47, 223 ni nanofaradi 22, 103 ni nanofaradi 10, 104 ni nanofaradi 100. Ya pikofaradi 47 imeandikwa 47 tu, au 470.

Hatua ya 1: umeme kwanza

Usiweke IC bado. Lehemu soketi yake katikati ya ubao, na ukate njia za shaba kati ya safu mbili za miguu. Ni mikato minne. Ukisahau mmoja, miguu inayotazamana inaungana, na hakuna kitakachofanya kazi. Pitisha ncha ya kisu katikati ya njia zote baada ya kumaliza, maana lehemu kidogo sana inatosha kuziunganisha.

Waya mwekundu wa betri unapita 1N4001 kwanza. Upande wenye mstari mweupe uelekee kwenye ubao, si kwenye betri. Dayodi hii inakugharimu kama volti 0.7, lakini mtu akigeuza betri gizani jukwaani, IC inapona. Baada yake weka kapasita ya 100µ kwenda graundi, mkia wa hasi ukiwa graundi. Kisha rezista mbili za 10k: moja kutoka chanya, nyingine kutoka graundi, zikutane. Mahali zinapokutana ni nusu ya umeme, na hapo weka kapasita ya 47µ kwenda graundi. Sauti inapanda na kushuka ikizunguka nusu hii.

Mguu wa 8 wa soketi uende chanya, wa 4 uende graundi. Unga betri upime. Mguu wa 8 uwe na volti 8 na kitu, nusu iwe karibu volti 4.2. Kama sivyo, usiendelee. Hakuna sauti itakayopatikana juu ya umeme uliokosewa.

Hatua ya 2: kikuzaji cha kwanza bila dayodi

Ondoa betri. Lehemu 22n kutoka waya wa kuingilia hadi mguu wa 3, na 2.2M kutoka waya wa kuingilia kwenda graundi. 470k itoke mguu wa 3 kwenda kwenye nusu ya umeme. Weka 47k na potenshiometa ya 500k kati ya mguu wa 1 na wa 2, weka 47p sambamba nazo, halafu 4.7k na 47n kutoka mguu wa 2 kwenda graundi. Ile 4.7k ya pili isubiri, ni ya LED.

Sasa chomeka IC. Kijishimo au nukta iliyo pembeni inaonyesha mguu wa 1. Unga betri, gusa mgongo wa IC kwa kidole. Ikiwa ya moto, ondoa betri mara moja: imegeuzwa, au chanya na graundi zimegusana.

Pima miguu ya 1 na 2: yote iwe karibu na nusu ya umeme. Mguu wa 3 utakudanganya. Mita za bei nafuu za aina ya DT830 zina ukinzani wa ndani wa 1M tu, na ukizigusisha mguu wa 3 zinavuta umeme kupitia ile 470k. Utasoma kama volti 2.9 mahali palipo na 4.2. Mita ya sindano itasoma chini zaidi. Huo si ubovu wa pedali. Amini mguu wa 1, lakini upime peke yake, mguu wa 3 ukiwa haujaguswa.

Hatua ya 3: kichunguzi cha sauti

Kabla ya kuendelea, tengeneza kifaa hiki. Nakithamini kuliko mita. Chukua kebo ya gitaa isiyotumika, kata ncha moja. Waya wa nje uulehemu kwenye kibano cha mamba, waya wa ndani kwenye kapasita ya 100n, na mguu wa pili wa kapasita uwe ndio ncha ya kugusia. Jeki iliyobaki ichomeke kwenye amplifaya au miksa, volyumu ikiwa chini. Kibano kibane graundi ya pedali.

Sasa unahitaji sauti ya kuingiza. Simu inayopiga wimbo, ikiunganishwa kwa waya wa hedifoni kwenye waya wa kuingilia na graundi, inatosha, nawe mikono yako inabaki huru. Gusa waya wa kuingilia: utasikia wimbo. Gusa mguu wa 3: uleule, nguvu ileile. Gusa mguu wa 1: uwe mkubwa mara nyingi. Popote wimbo unapopotea, hitilafu ipo kati ya nukta hiyo na ile iliyotangulia.

Kitumie kwenye vifaa vya betri tu. Usiguse nacho ndani ya amplifaya iliyochomekwa ukutani, wala ndani ya adapta. Umeme wa humo unaua.

Hatua ya 4: dayodi, toni na volyumu

Ongeza dayodi mbili kati ya mguu wa 1 na wa 2, mistari yake ikielekea pande tofauti. Sikiliza tena mguu wa 1 kwa kichunguzi: sauti imepungua ukubwa, imeanza kukwaruza. Hapo umeshakuwa na ovadraivu.

Malizia 1k (au 3.3k), toni, 10n, mguu wa 5, kiungo cha 6 na 7, kapasita ya 1µ ikiwa chanya yake upande wa mguu wa 7, na volyumu. Kwenye volyumu, sauti inaingia mguu wa pembeni, inatoka mguu wa kati, na mguu wa pembeni wa pili unaenda graundi. Toni na ile ya 500k hutumia mguu wa kati na wa pembeni mmoja. Kitufe kikifanya kazi kinyumenyume, hamisha waya kwenda mguu wa pembeni wa pili.

Ikigoma

Jiulize kwanza: pedali ikiwa imezimwa kwa swichi, gitaa linasikika? Kama halisikiki hata hapo, ubao hauna kosa. Tafuta kwenye soketi, swichi na nyaya zake. Kama linasikika, pima volti, kisha fuata njia kwa kichunguzi.

Sauti safi isiyokwaruza hata ukifungua kitufe chote. Ukuzaji haupo. Mara nyingi 4.7k au 47n ya mguu wa 2 haijashika lehemu, na kikuzaji kinapitisha sauti bila kuikuza. Au njia ya kurudishia imeungana: miguu ya 1 na 2 ni jirani, na tone moja la lehemu linaiziba.

Sauti kubwa kuliko ulivyotarajia, kali, haina ulaini. Dayodi hazifanyi kazi, na kinachokata vilele ni IC yenyewe ikifika mwisho wa umeme wake. Kagua viungo vyake. Ikiwa dayodi zote mbili zimeelekea upande mmoja, zinakata nusu tu ya wimbi na mkwaruzo unapungua.

Sauti nzito, imefunikwa, kama inatoka chumba cha pili. Umebadilishana 47p na 47n. Ile kubwa ikikaa kwenye njia ya kurudishia, inaanza kula sauti tangu kwenye kama hezi 70, yaani karibu gitaa lote. Na pikofaradi 47 ikiwa kwenye nafasi ya nanofaradi 47, ukuzaji nao unapotea, kwa hiyo dalili zinakuja pamoja.

Sauti inayokatikakatika, inayosikika ukipiga kwa nguvu tu. Nusu ya umeme si nusu. Rezista moja ya 10k haijashika au si 10k. Au 470k haifiki kwenye nukta hiyo, na mguu wa 3 unaelea.

Mluzi ukifungua ukuzaji wote. Waya wa kuingilia na wa kutokea vinapita karibu. Vitenganishe, uvifupishe. Tatizo likibaki, tumia waya wenye ganda la graundi kwenye kuingilia.

Muungurumo. Kama unatumia adapta, jaribu kwa betri kwanza. Ukitoweka, kosa ni la adapta, na chaja nyingi za bei nafuu zina kelele hiyo. Ukibaki na betri, guso la graundi limelegea mahali fulani, mara nyingi kwenye soketi. Ukisikia kituo cha redio ndani ya gitaa, ubao hauna ganda la chuma.

Jambo moja kuhusu lehemu: kiungo kizuri kinang'aa na kimesambaa kuzunguka mguu. Kiungo chenye umbo la tone, kimefifia, ni cha baridi. Kinaweza kufanya kazi mezani na kukatika ukikanyaga. Kipashe moto tena, uongeze lehemu kidogo.

Boksi na swichi

Boksi la aluminiamu iliyomiminwa kwenye kalibu ndilo bora. Ukilikosa, boksi la chuma la swichi za ukutani kutoka duka la vifaa vya ujenzi linavumilia kukanyagwa. La plastiki linahitaji karatasi ya aluminiamu ndani yake, iliyounganishwa na graundi, na isiguse ubao. Weka mkanda wa plastiki katikati.

Swichi ya miguu 9 ni swichi tatu zinazogeuka pamoja. Panga hivi: katikati ya safu ya kwanza iende soketi ya kuingilia, katikati ya safu ya pili iende soketi ya kutokea, katikati ya safu ya tatu iende graundi. Upande wa juu, safu ya kwanza iende kuingilia ubao, ya pili itoke ubao, ya tatu iende mguu hasi wa LED, ambayo mguu wake chanya unapata umeme kupitia ile 4.7k iliyosubiri. Upande wa chini, unganisha safu ya kwanza na ya pili kwa waya mfupi. Pedali ikizimwa, sauti inavuka hapo bila kugusa ubao. Lehemu haraka, maana joto likikaa linayeyusha plastiki ya ndani na swichi inakwama.

Soketi ya kuingilia ndiyo iwe ile ya stirio. Waya mweusi wa betri usiende graundi moja kwa moja, uende kwenye kiguso cha kati cha soketi hiyo. Jeki ya kawaida ya gitaa ikiingia, inaunganisha kiguso hicho na graundi, na pedali inawaka, ikitoka, inazima. Pedali hii inatumia chini ya miliampea 10, kwa hiyo betri nzuri inavuka mazoezi mengi, mradi ung'oe kebo ya kuingilia kila unapomaliza.

Kwa seben na benga, anza na ukuzaji kwenye robo ya mzunguko na volyumu juu: noti zinapata mwili bila kupoteza ile kengele ya nyuzi za juu. Kwa solo ndefu zinazohitaji kuvuta, fungua hadi nusu au zaidi, na ushushe toni kidogo. Ukitaka mkwaruzo uanze kwa kuchelewa na noti ziwe wazi zaidi, badilisha dayodi mbili za 1N4148 kwa LED mbili nyekundu: zinafunguka kwenye karibu volti 1.7, na volyumu itapanda pia, kwa hiyo ishushe kwanza kabla ya kupiga.